Nilijenga oven ya pizza uani Mchafukoge, nikaiwekea tiles ndani

Wakuu, nawasalimu wote. Nyinyi mnaosoma kazini huku bosi kageuka, na nyinyi mliolala chali kitandani simu ikiwa juu ya pua, habari zenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili la ujenzi kwa miaka. Nimejifunza mengi humu, kuanzia kupima kona hadi kumkwepa fundi anayeomba hela ya nauli kila asubuhi. Leo naleta cha kwangu. Sitaongeza chumvi, maana sehemu kubwa ya uzi huu inaniaibisha mwenyewe, na sijaona mtu anayedanganya ili aonekane mjinga.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi nauza tiles Kariakoo. Tiles, masinki, mabomba ya bafuni, vitu vya namna hiyo. Ni Mchagga, nina miaka arobaini na kitu, na kama wauza tiles wengi naamini hakuna tatizo la nyumba ambalo tiles haziwezi kulimaliza. Hilo likumbukeni, litarudi.

Naishi Mchafukoge, kwenye nyumba ya zamani ya chini ambayo imebanwa na maghorofa lakini bado ina uani. Mwenye nyumba ni Bi. Hidaya, mama mtu mzima wa hapa hapa mjini, amezaliwa kwenye nyumba hiyo na anaishi vyumba vya mbele. Mimi na mke wangu Upendo tuna vyumba viwili vya nyuma vinavyotazama uani.

Upendo alikuwa mpishi wa pizza kwenye hoteli moja ya katikati ya mji. Miaka tisa alisimama mbele ya oven ya kuni. Mkono wake wa kulia hauna vinyweleo hadi kwenye kiwiko, moto ulivimaliza zamani.

Siku moja akarudi nyumbani saa nne asubuhi. Ameshika koleo lake la mbao lenye mpini mrefu, lile la kuingizia na kutolea pizza. Akasema hotelini wameleta oven ya umeme na wamepunguza watu, kazi imeisha. Akalisimamisha lile koleo nyuma ya mlango wa sebule, akaenda kulala.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea, ingawa wakati ule nilijiona mume wa mfano. Nilimwambia, "Afadhali mama, ulikuwa unachoka sana. Njoo unisaidie dukani."

Nikamweka kaunta. Alikuwa anauza vizuri tu, wateja walimpenda. Ila wakiondoka, anabaki anaangalia ukuta. Baada ya wiki tatu akaacha kuja, akasema kichwa kinamuuma. Nyumbani akawa kimya. Sio ule ukimya wa kununa, huo naujua na dawa yake naijua. Huu ulikuwa ukimya wa mtu anayekujibu vizuri kila kitu lakini hayupo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akaniambia ataenda Moshi kwa mama yake. Amekata tiketi ya Jumamosi.

Nikauliza, unarudi lini?

Akasema, "Tutaona."

Wakuu, mliooa mnaijua hiyo "tutaona" ikitoka kwa mwanamke mpole. Anayegomba unajua bado anakudai kitu. Huyu hakuwa ananidai chochote. Niliogopa, na sioni aibu kusema niliogopa.

Nikakaa nikawaza. Nikaona lile koleo nyuma ya mlango. Nikajiambia, jibu si hili hapa? Huyu mwanamke amekosa moto wake. Nitamjengea oven ya kuni hapa uani kabla ya Jumamosi, iwe surprise, atafuta safari. Nilijisikia nina akili sana siku hiyo.

Nikaenda kwa Bi. Hidaya kuomba ruhusa. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba." Nikamweleza. Akanisikiliza, akauliza mambo mawili tu: moshi utaelekea wapi, na nguo zake atazianika wapi. Nikamwambia nitaweka bomba la kutolea moshi, na kamba ya nguo nitaihamisha mwenyewe. Akakubali, ila akasema kama moshi utagusa kanga zake, hiyo oven nitaenda kuijenga kwetu Moshi.

Jumatatu nikaenda Buguruni kwa wauza vyuma chakavu kutafuta matofali ya kustahimili moto. Wapo jamaa wanaonunua mabaki ya viwanda na bekari zilizobomolewa. Nikampata mmoja ana rundo la matofali mazito ya rangi ya maziwa yaliyoungua upande mmoja. Akachukua mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele. Akasema, "Haya yametoka kwenye tanuri la bekari, boss. Hili ukilisikia linalia hivi, halijapasuka ndani." Hiyo elimu nawapa bure. Kama tofali halilii, liache hapo hapo.

Nikabeba yote kwenye kirikuu, kale kagari ka mizigo ka kukodi, hadi nyumbani.

Fundi niliyemwita ni Shaweji, anayenifungia tiles za wateja wangu. Ni fundi mzuri sana wa bafu. Nikamuuliza, umewahi kujenga oven? Akasema, "Boss, hakuna shida." Nikamwonyesha video niliyoipata mtandaoni. Akaitazama nusu dakika, akanirudishia simu. "Boss, hii hakuna shida kabisa."

Wakuu, kwa miaka kumi na mbili niliyofanya kazi na mafundi, sijawahi kumsikia hata mmoja akisema neno "sijui". Siku ukimsikia, mshike mkono, huyo ndiye fundi.

Kazi ikaanza. Tulijenga meza ya matofali ya saruji, tukaijaza vifusi. Juu yake tukarundika mchanga mbichi, tukaupiga ukawa nusu duara, tukaufunika magazeti. Halafu matofali ya moto yakapangwa juu ya huo mchanga hadi yakakutana kileleni. Viungo vikishakauka, unauchimba mchanga wote kupitia mdomo wa oven, kuba linabaki limesimama lenyewe. Hiyo sehemu ni tamu sana kuiona. Bi. Hidaya alikuja akatazama ule mlima wa magazeti, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu tunamzika.

Upendo naye alikuwepo siku zote hizo, si alikuwa nyumbani? Mimi nilimwambia tunajenga msingi wa tenki la maji la Bi. Hidaya.

Someni tena hapo. Mwanamke amefanya kazi mbele ya oven miaka tisa, halafu namwonyesha kuba la matofali lenye mdomo na bomba la moshi, namwambia ni msingi wa tenki. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Haya."

Sasa tiles.

Sakafu ya ndani ya oven, pale pizza inapokaa, kwenye ile video walipanga matofali tu. Mimi nikaona hapana. Mke wangu mtu wa hoteli, anapenda usafi, na mimi muuza tiles nimpangie matofali yenye masizi? Nikaenda dukani nikachukua tiles nyeupe zinazong'aa, zile za sebuleni, za sentimita sitini kwa sitini. Nilijipa na sayansi yake kabisa: tiles huchomwa kiwandani kwenye moto mkali, kwa hiyo moto wameshazoeana. Shaweji akazikata vizuri mno, akazibandika na gundi ya tiles. Ukuta wa ndani akapiga plasta ya saruji, akailainisha ikawa kama kikombe.

Wakati anabandika niligeuka, nikamwona Upendo amesimama kwenye dirisha la jikoni anatutazama. Nikampungia mkono. Akafunga pazia.

Ijumaa mchana ilikuwa ndiyo siku. Begi la Upendo lilikuwa limeshafungwa, lipo karibu na mlango. Oven ilikuwa bado na unyevu lakini mimi sikuwa na muda wa kusubiri. Nikajaza kuni, nikaongeza mbao za vile vibao vya kubebea mizigo dukani, nikawasha. Moto ukashika vizuri, ukavuma. Nikaita, "Mama, njoo uone kitu."

Akatoka. Bi. Hidaya naye akatoka. Shaweji alikuwa pembeni amevaa shati safi.

Nikafungua mdomo kuanza hotuba yangu, na tile ya kwanza ikapasuka.

Zikafuata nyingine, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Kipande kikaruka nje kikatoboa beseni la Bi. Hidaya. Plasta ya ndani ikaanza kudondoka mabamba mabamba, mvuke ukatoka kwenye viungo, halafu nikausikia mlio mmoja mnene wa chini chini. Ufa ukatoka mdomoni ukapanda hadi kileleni, mpana wa kuingia kidole.

Shaweji akasema, "Boss, hii ni shida kidogo."

Nilimwangalia Upendo. Nilidhani atacheka, au atasikitika. Aliuangalia ule moto muda mrefu, halafu akaniuliza, sio kwa ukali, "Nani alikwambia nataka oven?"

Nikasema nilitaka kumfanyia surprise.

Akasema, "Sawa. Asante." Akaingia ndani.

Jumamosi nikampeleka stendi. Njiani tuliongea habari za hali ya hewa ya Moshi. Nilirudi nyumbani, nikaangalia nyuma ya mlango wa sebule, koleo lilikuwepo. Sikujua kama amelisahau, ameliacha makusudi, au halitaki tena. Nilikaa nalitazama, na ndipo nikagundua kitu: kuna mambo mengi ya Upendo nilikuwa nakisia tu. Tangu siku ile aliporudi saa nne asubuhi sijawahi kumuuliza swali moja la maana. Nilikuwa na majibu yake tayari. Duka lilikuwa jibu langu, na oven pia ilikuwa jibu langu.

Nililia kidogo, wakuu. Na hilo nalo liandikwe.

Jumapili baada ya ibada nikachukua nyundo, nikatoa vipande vyote vya tiles. Nikapiga picha ule ufa. Nikamtumia na maneno matatu: "Upendo, hapa nafanyaje?"

Hakujibu siku hiyo. Jumatatu nipo dukani namhudumia mteja wa sinki, simu ikalia. Voice note, dakika sita. Nikamwacha mteja na sinki lake, nikaenda stoo kusikiliza.

Hakunisalimu. Alianza moja kwa moja. Toa plasta yote. Toa gundi yote. Bomoa juu, pale ufa ulipopita, usafishe matofali moja moja. Saruji ya kawaida usiilete karibu na moto, tafuta ule udongo mweupe wa Pugu, uchekeche, uchanganye na mchanga laini, na kiungo kiwe chembamba. Sakafu ya ndani panga matofali yale yale juu ya mchanga mkavu, bila kubandika na chochote, maana tofali likipata moto linatanuka na linataka nafasi. Mdomo mlioujenga ni mrefu mno, moto wote unatoka nje, upunguzeni uwe zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa kuba.

Nilisikia sauti yake wakuu, ile ya zamani. Nilikuwa sijaisikia kwa miezi.

Shaweji nilimpigia nikamwambia. Alikuja bila kutaja malipo, amenuna kidogo. Nikampigia Upendo, nikaweka loudspeaker. Akamwelekeza kila tofali. Shaweji mwanzoni alikuwa anasema "hakuna shida, shemeji". Ilipofika kwenye kuzungusha kileleni akashika kiuno, akasema, "Shemeji, hapo sijui. Hebu rudia."

Nilitamani kumkumbatia.

Tulipomaliza, Upendo akatoa sharti la mwisho. Matofali na udongo vimekunywa maji, na maji hayatolewi kwa haraka, ndiyo maana ile Ijumaa oven ilipasuka. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani niwashe moto mdogo. Siku ya kwanza karatasi na vijiti tu. Siku ya pili uongezeke kidogo. Na kila siku nimtumie picha ya ndani ya kuba, yeye ndiye atasema lini iko tayari.

Siku ya kwanza nikatuma. Akajibu neno moja: "Bado."

Siku ya pili: "Bado."

Siku ya tatu akaniuliza, nje ukiweka kiganja kunashikika? Nikasema kuna vuguvugu. "Bado."

Bi. Hidaya akawa anatoka kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa, anakaa kwenye kigoda. "Leo kasemaje?" "Kasema bado, bibi." "Basi bado." Beseni nilimnunulia jipya, ila lile lililotobolewa alikataa kulitupa. Alipanda mchaichai ndani yake, akaliweka pale pale karibu na oven ili nilione kila siku.

Lakini kila "bado" ilikuwa inakuja na kitu nyuma yake, maana nilikuwa nimejifunza kuuliza. Siku ya nne nilimuuliza, siku ile ya kazi kuisha ilikuwaje?

Badala ya kuandika akapiga. Akanisimulia. Alifika kazini asubuhi kama kawaida, ameshavaa aproni, akaingia jikoni akakuta ukuta una shimo. Oven ilikuwa imeshavunjwa na vifusi vimeshabebwa. Hakuna mtu aliyemwambia kabla, na hakuna aliyemuuliza chochote. Ile oven yeye ndiye aliyekuwa anaiwasha kila siku kwa miaka tisa, alikuwa anajua tofali gani linachelewa kupata moto.

"Halafu nikaja nyumbani," akasema, "na wewe ukanipangia."

Sikujitetea. Nilimwomba msamaha, mimi nimesimama uani na shati la kanisani, Bi. Hidaya ameangalia pembeni anajifanya hasikii.

Nikamuuliza, siku ile dirishani ulipoona Shaweji anabandika tiles, kwa nini hukusema? Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniulize."

Siku ya tano, ya sita, ya saba. Moto unaongezeka. Ndani kukawa kweusi tititi kwa masizi, nikadhani nimeharibu tena. Akasema hapana, lazima kuwe kweusi kwanza. Siku moto wenyewe utakapoyala masizi na matofali yakarudi meupe, hapo oven imeiva. Jirani wa ghorofani alilalamika moshi, nikaongeza urefu wa bomba. Kanga za Bi. Hidaya zilibaki salama, vinginevyo nisingekuwa naandika hapa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, sikufungua duka mapema. Niliongeza kuni polepole tangu saa mbili. Kwenye saa sita hivi nikachungulia, nikaona kileleni doa jeupe. Likakua, likashuka pande zote, masizi yanaondoka yenyewe kama mtu anafuta ubao. Nikapiga picha, nikatuma. Nikaandika, "Mama, je hii?"

Nusu saa ikapita, saa nzima. Bi. Hidaya akauliza, "Kasemaje?" Nikamwambia hajajibu.

Halafu ikaingia:

"Network ilikuwa mbaya. Usichome kitu humo. Niko Korogwe, gari liliondoka asubuhi."

Niliisoma mara tatu. Gari za kutoka Moshi kuja huku zinaondoka alfajiri. Maana yake alipanda gari kabla sijawasha hata kuni ya kwanza siku hiyo, kabla hajaona kama oven imeiva au imepasuka tena.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Aliingia jioni, jua bado lipo. Hakutaka nimpokee stendi. Alimwamkia Bi. Hidaya, akapita sebuleni, akaweka begi chini, na bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma ya mlango akachukua koleo lake.

Uani akasimama mbele ya oven. Akaingiza mkono wa kulia mdomoni mwa oven kupima joto, akahesabu kimya kimya, akautoa. Akaniangalia.

"Una unga?"

Nikamwambia sijanunua kitu, nilitaka kukuuliza kwanza unataka nini.

Ndipo alipocheka, wakuu. Alicheka hadi akaegemea lile koleo.

Unga tulipata duka la jirani, nyanya na vitunguu vilikuwepo, cheese hatukuwa nayo. Ya kwanza iliungua upande mmoja, akasema mkono umeingia kutu. Ya pili tulimpa Bi. Hidaya. Akaila yote, akasema ni nzuri, ila chapati hii tumesahau kuikunja.

Basi, hayo ndiyo yangu. Kwa wanaotaka kujenga: tafuteni matofali yanayolia, tumieni udongo badala ya saruji, kausheni polepole, na tiles zibaki bafuni, nawaambia mimi ninayeziuza. Na kwa wenye wake, waume au wazazi waliokaa kimya siku hizi: kabla hamjawajengea kitu, waulizeni. Nimetumia matofali mengi sana kujifunza jambo hilo dogo.

Waliowahi kujenga oven nyumbani leteni picha na makosa yenu, hasa makosa, nisijione peke yangu.

Halafu kuna wale ambao najua mtauliza kama tunauza na mtataka kuweka order. Mimi sijui, wakuu. Nimemuuliza mwenye oven, yuko hapa pembeni yangu anasoma ninavyoandika.

Amesema bado.